Mwenye Baiskeli Hakusogea

Jina la nchi hii halitatajwa, na si kwa woga. Ni kwa kumhurumia msomaji. Sheria ya huko inasema kila alisikiaye jina la taifa asimame tuli mpaka aambiwe vinginevyo, na huenda msomaji ana chungu jikoni.

Kiongozi wa nchi hiyo aliitwa Mtukufu Nguzo. Wazazi wake walimpa jina jingine, lakini baada ya miaka mingi kitini washauri wake waligundua kwamba nguzo haing'oki, wakaona hilo ndilo linalomfaa. Na kwa kuwa nguzo haisogei, ikaonekana ni utovu wa adabu kitu kingine chochote kusogea mbele yake. Ndipo ilipoanza ada ya Kutulia.

King'ora kilipolia, kila kitu kilisimama. Fundi cherehani aliacha mguu hewani. Kuli mwenye gunia begani alibaki nalo. Mama aliyekuwa akikaanga maandazi aliyaacha yaungue, na jioni wateja waliyanunua vilevile, maana yaliungua kwa heshima. Bendera zilipigwa wanga zisipepee. Saa ya mnara wa posta ilifungwa kabisa, ndiyo maana Nguzo hakuwahi kuchelewa popote. Mbuzi walishikwa miguu na maofisa maalumu wa serikali, ambao walikuwa na sare yao na mkutano wao wa kila mwaka. Upepo uliandikiwa barua ya onyo. Haukujibu, na jalada lake liko wazi hadi leo.

Gari la Nguzo lilikuwa na mapazia mazito, asije akaona mitaa ikikimbia. Aliposhuka, alitazama chini kwenye zulia jekundu, ambalo lilikuwa jekundu hivyohivyo mwanzo hadi mwisho. Watoto walifundishwa shuleni kwamba Nguzo haendi mahali. Mahali ndipo panapomjia. Kwa hiyo katika miaka yote ya utawala wake hakuwahi kuona kitu kikienda, na wageni walipomuuliza hali ya nchi alijibu kwa moyo mweupe kwamba ni shwari. Wala hakusema uongo.

*

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Kota za Zamani, nyumba ya pili kutoka kwa kinyozi, aliishi Bi Mwajabu, mjane wa Fundi Songoro.

Songoro alikuwa fundi bati. Alitengeneza ndoo, vibatari, majiko na masanduku ya wanafunzi wa bweni, na kila alipobakiwa na kipande kisichotosha kitu, alikikata kikawa mtu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu tangu ujana. Baiskeli alikuwa nayo, lakini hakuipanda; aliisukuma na kuiegemea, na hivyo akaonekana mtu mwenye shughuli badala ya mtu mwenye mkongojo. Mtaa mzima ulimjua kwa mwendo ule: hatua moja nzima, hatua moja ya kuzama, na mnyororo ukilialia.

Mwaka alioanza kuugua alitengeneza taa. Alichukua debe la mafuta ya kula, akalikata kifuniko mapanga kama ya feni, akakisimamisha juu ya ncha ya sindano ya cherehani, na chini yake akaweka kibatari. Joto lilipopanda, kifuniko kilianza kuzunguka chenyewe, polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani. Pembeni mwake aliwatundika watu wa bati: mwanamke mwenye ndoo kichwani, mbwa, mtoto anayerusha tiara yake, muuza kahawa na birika. Madirisha yakifungwa, vivuli vyao vilitembea ukutani, vikapita juu ya kabati, vikakatiza mlangoni, vikarudi.

Wote hao aliwalehemu imara. Wa mwisho alimkata akiwa kitandani, mito mgongoni. Alikuwa mtu anayesukuma baiskeli. Huyu hakumlehemu. Alimning'iniza kwa kiwaya chembamba, akawa ananesa kila anapokwenda, hatua nzima na hatua ya kuzama.

"Mimi nimechoka kulala," alimwambia mkewe. "Acha huyu atembee."

Alizikwa kabla ya mvua za vuli. Mbwiga, yule kinyozi jirani, alikuwa mtani wake kwa kabila, na watani wana haki zao msibani. Alilala kando ya kaburi, akakataa udongo urudishwe mpaka marehemu amrejeshee mkasi wake aliouazima. Ilibidi mtu atumwe nyumbani kuutafuta. Ulipoletwa, Mbwiga aliukagua, akasema, "Ameutia kutu makusudi. Haya, mfukieni, tena mshindilie." Bi Mwajabu akacheka, akiwa mikononi mwa wanawake waliokuwa wamemshika asianguke.

Katika picha zote za mumewe alizokuwa nazo, alikuwa amesimama, mikono mapajani, kwa kuwa katika nchi ile hata wapiga picha walimwogopa mtu anayeonekana kwenda. Na mtu akifa, uso wake hukaa machoni muda mrefu. Kinachoondoka kwanza ni mwendo. Bi Mwajabu aliligundua hilo mapema, jikoni, alipojaribu kuukumbuka mnyororo unavyolia akausikia, akajaribu kuuona mguu unavyozama asiuone. Tangu siku ile, kila alasiri akimaliza kazi, alifunga madirisha, akawasha kibatari, akaketi. Songoro alipita juu ya kabati. Akakatiza mlangoni. Akarudi.

Hakuwa na kitu kingine cha kumwonyesha hivyo.

*

Sasa ikawa nchi moja rafiki imelijengea taifa paa jipya la makumbusho, na pamoja na paa ikaleta maonyesho. Wizara ilipokea vyote kwa pamoja na kusaini kwa pamoja, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja. Makasha yalipofunguliwa ndipo ilipojulikana kwamba ni Maonyesho ya Nuru Inayotembea.

Kulikuwa na balbu zilizoning'inia kwenye nyuzi ndefu, zikipishana huku na huku kama wapita njia sokoni. Kulikuwa na magurudumu ya vioo yaliyotupa mwanga darini ukawa kama maji. Kulikuwa na shamba zima la nyaya nyembamba zenye cheche kwenye ncha, zilizoinama na kuinuka kama mpunga. Msimamizi wa makumbusho, Dakta Honorata Kivunge, aliviwasha vyote jioni moja ili avijaribu, akakaa sakafuni katikati yake, viatu mkononi, akasahau kwenda nyumbani.

Kesho yake akaja Mkuu wa Itifaki, Bwana Tegemeo Mlanzi. Alikuwa mtu mrefu, msafi, aliyetembea kwa kuchukia kutembea.

"Dakta," alisema, "hongera. Vitu vizuri sana. Vizuie."

"Vikizuiwa, Bwana Mlanzi, havitakuwa vitu vyenyewe."

"Mtukufu Nguzo ndiye atakayefungua. Wewe unataka Mtukufu aingie mahali halafu mahali pawe pamekuja na mambo yake?"

Basi balbu zikafungwa kwa kamba ya nailoni. Injini za magurudumu zikatolewa. Mpunga ule wa nyaya ukanyooshwa mmoja mmoja na kushikizwa kwa gundi, kazi iliyoletewa wanajeshi. Bango la mlangoni lilifutwa neno moja, yakawa Maonyesho ya Nuru Iliyotulia.

Tatizo likabaki moja. Mkataba wa paa ulidai kuwe na angalau kazi moja ya mwenyeji. Mafundi wote wa nuru nchini walikuwa wameshahama au wameshatulia. Ndipo mtu mmoja aliyekuwa akinyolewa kwa Mbwiga alipomsikia kinyozi huyo akimsimanga marehemu mtani wake, kwamba hata kufa hajui kufa, kila alasiri yumo ukutani anazurura. Habari zikafika.

*

"Shikamoo, mama," alisema Dakta Kivunge mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Tumesikia una taa."

"Taa nani hana, na umeme wenyewe huu."

"Yako inatembea."

Katika nchi ile hayo yalikuwa mashtaka. Bi Mwajabu akamtazama, akatazama na njia nyuma yake. "Haitembei mbali," alisema.

Aliiwasha. Dakta akakaa kwenye kigoda, na muuza kahawa akampita usoni, na mtoto na tiara, na mwenye baiskeli.  Baadaye aliomba aichukue kwa siku ya ufunguzi tu, kisha airudishe mwenyewe kwa mkono wake. Bi Mwajabu alifikiri. Songoro alikuwa mtu wa kupenda kusifiwa, na sifa alizopata maishani mwake zilikuwa za ndoo.

"Yule wa kiwaya," alisema, "usimkaze."

"Simgusi, mama."

Siku chache kabla ya ufunguzi Bi Mwajabu akaitwa makumbusho. Mbwiga alimsindikiza, na njia nzima akawa analalamika kwamba mtani wake sasa amekuwa mtu wa majumba makubwa, atasahau walipa kodi. Walipoingia ukumbini walimkuta Bwana Mlanzi amesimama chini ya taa ya Songoro, na pembeni yake fundi wa kulehemu ameshawasha moto wake wa buluu.

"Mama," alisema Mlanzi, "injini ya kitu hiki iko wapi?"

"Haina, mwanangu. Ni joto la kibatari."

"Ndivyo Dakta anavyosema. Nilidhani ananificha."

"Basi kizimeni," alisema Mbwiga. "Kitatulia."

Mlanzi akamtazama kama mtu anayetazama tope kwenye kiatu. "Haya ni maonyesho ya nuru. Nuru haizimwi mbele ya Mtukufu. Iliwahi kuzimika balbu moja, na waziri wa nishati wa wakati huo sasa anafuga sungura. Kwa hiyo taa itawaka na haitazunguka. Tutakilehemu kifuniko kwenye sindano, na watu hawa tutawalehemu wote wasimame wima. Kazi ya dakika kumi."

"Na yule mwenye baiskeli?" aliuliza Bi Mwajabu.

"Hasa huyo. Huyo hata akisimamishwa bado ananesa."

"Bwana mkubwa, huyo ni mume wangu."

Mlanzi akavua kofia kwa kiasi kinachostahili. "Mama, mimi sina ugomvi na marehemu. Marehemu kwa ujumla wao ni wananchi watulivu kuliko wote, na wizara inawatambua. Huyu ndiye anayewaharibia jina."

"Ukishailehemu sindano, taa haitazunguka tena. Hata nikirudi nayo nyumbani."

"Utakuwa na taa iliyopata heshima ya kitaifa."

"Nitakuwa na picha nyingine aliyosimama," alisema Bi Mwajabu. "Ninazo."

 Fundi wa kulehemu akapunguza moto kidogo, akajifanya anaangalia mtungi. Dakta Kivunge alikuwa anatazama kamba za nailoni kwenye balbu zake. Mbwiga naye, ambaye hakuwahi kunyamaza hata kanisani, alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomtisha Bi Mwajabu kuliko ule moto.

Akamgeukia. Na kumtazama kinyozi kukamkumbusha kiti cha kinyozi, kile cha chuma kinachozunguka, cha tangu enzi za babu yake Mbwiga. Songoro alikuwa haendi kunyoa. Alikuwa anakwenda kuzungushwa. Akikaa pale na shuka shingoni, Mbwiga akikigeuza, alimpigia mkewe kelele ng'ambo ya uzio: Mwajabu, njoo uone, leo mtaa wote unanizunguka kama mimi ndiye serikali.

"Bwana Mlanzi," alisema Bi Mwajabu, "sheria yenyewe inasema kitu kisisogee, au Mtukufu asikione kikisogea?"

Swali la sheria lilimfurahisha Mlanzi. Alinyoosha shingo. "Sheria inasema, na nanukuu, kilichopo ni kile Mtukufu anachokiona. Anachokiona kimetulia, kimetulia. Anachokiona kinakwenda, kinakwenda. Hakuna rufaa."

"Basi Mtukufu mkalisheni kwenye kiti cha Mbwiga, chini ya taa, katikati kabisa. Kiti kigeuzwe taratibu, mwendo uleule wa vivuli. Mtu anayekwenda na wewe sawasawa, unamwona amesimama."

 Fundi wa kulehemu akauzima moto kabisa.

"Mtukufu hageuki," alisema Mlanzi, lakini kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango.

"Hageuki," alisema Dakta Kivunge haraka. "Imeandikwa. Ni mahali ndipo patakapogeuka."

*

Kiti kililetwa kikiwa kimefunikwa blanketi, kama mgonjwa. Kilipakwa rangi ya dhahabu, kikawekwa juu ya jukwaa la mbao lililozungushiwa zulia jekundu, na chini ya jukwaa wakamlaza Mbwiga, kwa kuwa kiti kile kilikuwa na ukaidi wake na hakikumtii mtu mwingine. Alitobolewa tundu kwenye zulia aweze kukiona kivuli cha baiskeli na kukifuata.

"Maisha yote nimekuwa nikimburuta mtu huyu," sauti yake ilisema kutoka chini. "Sasa ananiburuta yeye."

Mlanzi mwenyewe ndiye aliyekaa kwa majaribio. Ukumbi ulikuwa umezungushiwa shuka nyeupe pande zote ili vivuli vionekane vizuri, hakuna dirisha, hakuna picha, hakuna kitu kingine. Taa ikawashwa, kiti kikaanza kwenda. Mlanzi akakaza macho kwa mwenye baiskeli. Mwenye baiskeli alisimama palepale mbele yake kwenye weupe ule, bila kwenda kushoto wala kulia, ananesa tu kidogo, chini na juu.

"Hasogei," alisema Mlanzi. "Anaitikia kwa kichwa, lakini hasogei. Kuitikia hakujakatazwa." Akashuka akiwa na kizunguzungu na furaha. Shuka ni nyeupe kila upande, na aliyezungushwa kati ya weupe hana namna ya kujua kwamba amezungushwa. Dakta Kivunge alikuwa amesimama kando ya mlango na aliliona jambo hilo. Pia alikuwa ameiona orodha ya wageni na mahali watakaposimama. Aliitazama kamba ya nailoni iliyofunga balbu yake ya kwanza, akasema tu kwamba Bwana Mlanzi ni mtu wa sheria, na nchi ina bahati kuwa naye.

*

Siku ya ufunguzi king'ora kililia, mji ukatulia. Baraza zima la mawaziri lilipangwa ukumbini kuzunguka zile shuka, kwa ukubwa wa wizara, suti nyeusi juu ya weupe, nishani kifuani, pumzi zimehesabiwa. Mahali palimjia Mtukufu Nguzo mpaka pakafika kwenye kiti. Akakaa. Alikuwa mzee kuliko Bi Mwajabu alivyodhani, na soksi zake hazikufanana.

Mlanzi ndiye pekee aliyeruhusiwa kusema. "Mtukufu Nguzo, Usiyetikisika, Mhimili wa Mihimili, Mtia Nanga wa Bara na Visiwa. Leo nuru ya dunia, iliyokuwa ikitangatanga huko kwao bila makazi, imefika nchini mwako, imeona, na imetulia."

Bi Mwajabu aliruhusiwa kuwasha. Alipanda ngazi fupi nyuma ya mgongo wa Mtukufu, akagusisha kiberiti kwenye utambi, akashuka, akasimama mguuni pa jukwaa, naye sasa amefungwa na sheria kama wengine. Taa kubwa zikafifishwa. Juu ya kichwa cha Nguzo kifuniko cha debe kikatoa mlio mdogo na kuanza kwenda. Chini ya zulia mtu akaguna, na kiti nacho kikaanza.

Bi Mwajabu akamwona. Mumewe alitoka upande wa mlango akisukuma baiskeli, akapita kwenye tai ya waziri wa fedha, akazama na kuinuka juu ya tumbo la waziri wa afya, akakatiza nishani za waziri wa ulinzi moja baada ya nyingine kama mtu anayevuka mawe mtoni. Wote hao hawakuthubutu hata kupepesa. Songoro hakuwahi kuingia ofisi ya waziri hata mmoja. Sasa anawapitia wote, bila miadi.

Mtukufu Nguzo yeye aliona mengine. Aliona mbele yake mtu mmoja na baiskeli, ametulia, anaitikia kwa adabu. Na nyuma ya mtu huyo akamwona waziri wa ardhi akipita polepole, amesimama wima, kama kabati linalohamishwa.

Nguzo akakunja uso. Hakuwahi kuona waziri akienda.

"Mlanzi."

"Naam, Mtukufu."

"Waziri wa ardhi anakwenda wapi?"

Mlanzi akamtazama waziri wa ardhi, ambaye alikuwa palepale alipokuwa, jasho likimtiririka bila ruhusa. "Mtukufu, waziri wa ardhi amesimama."

"Unataka kusema sioni?"

Ukumbi ukazidi kutulia, jambo lililodhaniwa haliwezekani. Mlanzi akaikumbuka sheria, kila neno.

"Anakwenda, Mtukufu."

"Na huyu wa maji?"

"Naye anakwenda."

"Wa fedha huyu. Anapita na fedha mbele yangu."

"Anapita, Mtukufu."

Walipita wote, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyesogeza unyayo. Wa elimu alipita akilia. Wa utalii alipita akitabasamu, maana ndivyo uso wake ulivyokuwa king'ora kilipolia. Nguzo akawafuata kwa macho kama mtu aliyeamshwa, na chini ya jukwaa Mbwiga, asiyejua yanayotendeka juu, alizidi kukigeuza kiti kwa uaminifu.

"Na wewe, Mlanzi," alisema Nguzo kwa huzuni. "Hata wewe. Naona unakwenda."

Mlanzi alisimama wima kuliko siku yoyote maishani mwake, visigino vimebanana, machozi mawili yanashuka sambamba. "Nakwenda, Mtukufu," alisema.

"Nenda, basi."

Akawa wa kwanza katika historia ya taifa kutembea mbele ya Nguzo, akatoka. Waliobaki wakamfuata, kwa ukubwa wa wizara.

Nguzo akabaki anamtazama yule mmoja.

"Baraza zima," alisema, "na asiyesogea ni huyu mwenye baiskeli peke yake. Haendi popote na kila ninalosema anakubali. Huyu ni nani?"

Hakukuwa na aliyebaki wa kujibu ila mwanamke aliyesimama mguuni pa jukwaa.

"Ni mume wangu, Mtukufu. Anaitwa Songoro."

"Yuko wizara gani?"

"Fundi bati. Amefariki."

Nguzo akatikisa kichwa taratibu. "Ndiyo maana ana adabu." Kiti kikazidi kumgeuza, weupe ukimpita bila yeye kujua. "Anatikisika kidogo upande mmoja. Ana nini?"

"Mguu, Mtukufu. Wa kushoto."

"Hata mimi," alisema Nguzo kwa sauti ndogo, na huenda hilo lilikuwa jambo la kwanza la kweli alilolisema mbele ya watu. Kisha akakumbuka yeye ni nani. "Omba unachotaka."

Bi Mwajabu hakuhitaji kufikiri. "Naomba nirudi naye nyumbani kama alivyo. Asiguswe na mtu."

"Hataguswa. Kuanzia leo ni waziri."

"Wa nini, Mtukufu?"

Nguzo akatazama shuka tupu pande zote. "Wa vyote," alisema.

*

Mawaziri wa zamani walikwenda makwao, kwa miguu, na nchi ikaendelea bila wao kwa namna ambayo ilimtia kila mtu aibu kidogo. Maji hayakutoka, kama ilivyokuwa. Maandazi yaliungua mara chache zaidi, kwa kuwa Nguzo hakutoka sana siku hizo. Alisemekana anakaa sebuleni, ameagiza kiti. Makumbusho yalisahauliwa, na Dakta Kivunge alikata kamba zake za nailoni moja moja kwa mkasi wenye kutu alioazimwa na kinyozi.

Taa ilirudi Kota za Zamani. Dakta aliileta kwa mkono wake kama alivyoahidi.

Mlanzi hakufukuzwa, kwa sababu aliyekuwa na madaraka ya kumfukuza ni waziri, na waziri alikuwa hajaandika barua. Alishushwa tu akawa tarishi wa wizara ile mpya, yaani mtu wa kutembea kutwa. Mwanzoni aliona aibu. Baadaye aligundua kwamba mji una vichochoro ambavyo hakuvijua. Kila alasiri alifika mlangoni kwa Bi Mwajabu na mkoba wa barua za wizara.

"Hodi, mama. Mheshimiwa Waziri yupo?"

"Karibu, mwanangu. Ametoka kidogo."

"Nirudi kesho?"

"Kaa. Anarudi sasa hivi."

Alikaa kwenye kigoda, mkoba magotini. Madirisha yalikuwa yamefungwa, kibatari kinawaka. Mbwiga naye alikuwapo, kajilaza kwenye mkeka na kikombe cha chai, akinung'unika kwamba tangu mtani wake awe waziri chai ya nyumba hii imekosa sukari, na kwamba hajapata kuona waziri anayezurura namna hii, wenzake hukaa ofisini wakalala kama watu.

"Mwache," alisema Bi Mwajabu. "Alilala vya kutosha."

Mwanamke mwenye ndoo alipita ukutani. Akapita mbwa, mtoto na tiara yake, muuza kahawa. Kisha kutoka upande wa mlango akaja yeye, anasukuma baiskeli, hatua nzima, hatua ya kuzama, akapanda magoti ya Mlanzi, akakatiza kifua chake, akashukia begani. Mlanzi kwa mazoea alitaka kusimama wima. Bi Mwajabu akamwashiria kwa mkono akae.

Songoro alipita juu ya kabati, akakunja kona, akaenda. Mlanzi akaweka mkoba chini, akapokea kikombe.

"Basi nitamsubiri," alisema.